Kisima cha Vidole Sabini

Kelan hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mwanzo kabisa, maana hapa kwetu ukilitaja jina lake watu hutema mate chini, na wengi wanaotema hawakuwa hata wamezaliwa. Mimi nilikuwepo. Ua wangu na ua wake vilitenganishwa na boma la mananasi tu, na mume wangu Pokkan, mhunzi, alifanya kazi naye tangu wote wawili hawajaota ndevu. Mwenye kutaka kutema aje ateme mbele yangu, aone.

Alikuwa seremala, mtoto wa seremala, mjukuu wa seremala, kama ilivyo kwetu Malabar, pwani ya kusini ya India, ambako mtu huzaliwa na kazi yake mkononi. Mwembamba, mweusi, na mwenye kimya cha kuudhi. Ukimwamkia asubuhi, kwanza anautazama mlango wako kama umekaa sawa, ndipo akuitikie. Kazi alijifunza kwa Mzee Ambu, fundi mkuu wa sehemu zetu zote, kuanzia mashamba ya mpunga mpaka kilima cha mikorosho. Ambu alimpa kazi, akampa fimbo ya kupimia, mwishowe akampa na binti yake, Chiruta. Chiruta alikuwa rafiki yangu. Alikuwa na sauti kubwa na moyo mkubwa kuliko sauti, na alimpenda baba yake kupita kiasi.

Sasa lazima niseme kidogo kuhusu vipimo, la sivyo habari hii haitakuwa na kichwa wala miguu. Kwetu fundi hajengi kitu kabla hajajua umri wake. Anapima mzunguko wa nyumba, au wa kisima, kwa vidole, yaani upana wa kidole kimoja kimoja. Akishapata idadi anazidisha na kugawa kwa njia wanayoijua wao wenyewe, na kinachobaki kinamwambia kitu hicho kiko katika umri gani: utoto, uvulana, ujana, uzee au kifo. Zile tatu za mwanzo ni heri. Uzee watu huukunjia uso. Kifo hakijengwi. Fundi akikikuta kifo huongeza kidole hapa au hupunguza pale, mpaka atoke.

Nyumba ya pembe nne haina shida, unajumlisha pande zake basi. Shida ni kisima, kwa sababu kabla ya kuchimba huna mzunguko, una kipenyo tu: kigingi katikati, uzi, na mstari mchangani. Mzunguko inabidi uutoe kwenye kipenyo. Wajukuu zangu wanaosoma wanasema kuna hesabu yake, inaitwa pai, na ina tarakimu zisizokwisha. Wananifundisha mimi, mke wa mhunzi! Nyumbani kwetu tuliijua kabla ya shule kujengwa: kipenyo mara tatu, halafu sehemu ya saba ya kipenyo juu yake. Ukitaka kulivisha gurudumu la mkokoteni bangili yake ya chuma, usipoiweka ile sehemu ya saba ncha hazikutani. Chuma hakibembelezwi.

Mzee Ambu naye aliijua. Akitengeneza gurudumu aliiweka. Lakini akija kwenye umri wa kisima aliiacha, akahesabu mara tatu kavu, kwa sababu mwalimu wake alihesabu hivyo na mwalimu wa mwalimu wake vilevile. Watu walipomuuliza alisema, "Sehemu ya saba ni ya chuma na mbao. Kwa mambo ya heri na shari, tatu inatosha." Hakuna aliyembishia mpaka alipokufa. Alikuwa mzee, na alikuwa na kofi zito.

Kisima cha uani kwa Kelan, Ambu alikichimba Chiruta alipoolewa. Kipenyo chake vidole sabini. Mara tatu ni mia mbili na kumi, na mia mbili na kumi ni uvulana. Kisima cha uvulana kwa bibi harusi, utake nini tena? Maji yake yalikuwa matamu, baridi, hayakukauka hata kiangazi kinachopasua ardhi. Sisi wahunzi hatukuwa na kisima. Tulichota hapo hapo, na mafundi wengine wa kitongoji chetu pia. Asubuhi ukingo wa kile kisima ulikuwa na kelele kuliko soko, tukisengenya, tukigombania kamba, Chiruta akitufukuza kwa ufagio na kutuita tena.

Watoto ndio hawakukaa. Wa kwanza alichukuliwa na homa kabla hajasimama. Wa pili alizaliwa asilie. Wa tatu, Matu, alikuwa ameshakua, anajua majina ya kuku wangu wote, akaja ugonjwa wa koo ukamkaba, akaenda. Akabaki Janu peke yake, kitinda mimba, kitoto chenye meno makubwa na maswali mengi.

Baada ya kumzika Matu, Kelan alinyamaza zaidi ya kawaida yake. Sisi tuliona ni msiba tu. Siku moja alikuja kiwandani kwetu na gurudumu la mkokoteni wa Nambiar, yule mwenye mashamba ya mpunga, livishwe chuma. Mimi nilikuwa napuliza mvukuto.

"Fundi, leo umeleta duara au yai?" Pokkan akamtania.

"Yai ni kichwa chako."

"Basi kitage pesa, mke wangu anunue dagaa." Pokkan akazungusha uzi kwenye gurudumu, akaangalia. "Kipenyo thelathini na tano. Chuma mia na kumi. Safi. Mkono wako bado uko, kaka."

Kelan akasimama kumtazama anavyokata. Halafu akauliza, taratibu, kama mtu anayejisemea, "Ukikata kwa mara tatu tu?"

"Mia na tano. Inabaki pengo la vidole vitano, ngumi yako inapita. Unauliza nini leo, umekuwa mwanafunzi?"

"Na gurudumu likiwa la sabini?"

"Pengo la kumi. Lakini gurudumu la sabini atalivuta nani, tembo?"

"Kisima," akasema Kelan.

Pokkan akacheka. "Kisima hakivai bangili, bwana wee."

Kelan hakucheka. Aliweka chini nyundo aliyokuwa ameishika na kutoka bila kuaga. Nikamwambia Pokkan mtu huyu hayuko sawa, naye akaniambia nipulize, chuma kinapoa.

Niliporudi nyumbani nilimwona kupitia boma la mananasi. Amelala kifudifudi ukingoni mwa kisima, anaubandika uzi kwenye ukuta wa ndani kwa udongo mbichi, kipande kwa kipande, mpaka ukazunguka ukakutana. Akaubandua, akaunyoosha chini, akaupima kwa fimbo. Akapiga hesabu yake mchangani kwa msumari. Kisha akaifuta yote kwa kiganja, akaanza upya. Janu alikuwa amechuchumaa pembeni, anamuuliza anatafuta nini, hamjibu.

Chiruta akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Umeangusha nini humo?"

"Mia mbili na ishirini."

"Ya nani?"

"Ya kisima. Si mia mbili na kumi. Ni mia mbili na ishirini." Akainua uso, na kweli uso ule sikuutambua. "Ni kifo, Chiruta. Tumewanywesha kifo."

Chiruta alikitazama kisima. Mimi nilikuwa nimeshasogea, maana jirani hasubiri kukaribishwa kwenye jambo kama hilo.

"Baba yangu ndiye aliyekipima," akasema.

"Baba yako alipima duara ambalo halipo duniani. Lililopo ni hili."

"Usimguse baba yangu."

"Simgusi. Nimegusa ukuta wa kisima."

"Matu alikufa kwa koo! Uliona mwenyewe!"

"Na koo lilikuwa linapitisha nini?"

Mwiko ulimdondoka. Nami nikaona niingilie, maana mtu akiachiwa aseme maneno kama hayo atasema na mengine. "Shemeji," nikamwambia, "sisi tunakunywa humo humo. Wanangu wako hai, wanavunja vyungu kila siku, njoo uwachukue wawili kama huamini."

"Umri wa kisima humfuata mwenye kisima, Devu. Si mchotaji."

Alikuwa na jibu. Katika mambo yote yaliyofuata alikuwa na jibu, na tangu hapo namwogopa mtu mwenye jibu la kila kitu. Jioni Pokkan alikwenda kumsemesha kiume. Akamwambia, haya, tuseme ni kifo; piga lipu ukuta wa ndani, upunguze kidole, kitakuwa kitu kingine. Kelan akamjibu, "Maiti ukimvika shati hawi mzima. Kilichozaliwa kwenye kifo hakirekebishwi. Hufukiwa."

Nielewe vizuri, msomaji. Hakuwa anajivuna kwamba amemshinda mkwewe. Alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja. Alimtazama Janu anavyochota maji yale na kuyanywa kwa kiganja, akaona anamtazama mwanawe akila sumu. Ungekuwa wewe, unaamini anavyoamini yeye, na namba umeipima kwa mkono wako, ungefanya nini? Mimi nimejiuliza miaka yote hii, na bado namkasirikia.

Kesho yake alianza kukifukia. Chiruta aliketi ukingoni, miguu ikining'inia ndani, akisema atakayetia udongo amtie na yeye. Kelan alimbeba kama gunia la mpunga, akamweka barazani, akarudi kwenye koleo. Alifanya hivyo tena na tena. Mwisho Chiruta alichoka, akaingia ndani, akafunga mlango. Udongo ukashuka mchana kutwa, na kila ukianguka ulitoa mlio wa maji, mpaka ulipoacha kutoa mlio.

Habari haikulala. Nyumbani kwa Nambiar walikuwa wamezika mtoto wa mpwa wake mwezi ule ule, na kisima chao alikichimba nani kama si Ambu. Akaitwa Kelan. Kabla hajaondoka Chiruta alimshika shuka, mbele yangu.

"Kwetu umeshafanya ulivyotaka. Huko mwambie kiko sawa. Neno moja tu. Baba yangu amelala, mwache alale."

"Na kama hakiko sawa?"

"Sema kiko sawa!"

"Wana watoto kule, Chiruta."

Alikwenda. Pokkan alikuwepo, alinisimulia. Nambiar alikaa barazani akitafuna tambuu, mafundi wamesimama uani, kwa umbali ambao tabaka letu lilipaswa kuushika mbele yake. Kelan akabandika uzi wake, akapima, akapiga hesabu mara mbili. Kipenyo kilikuwa tofauti na chetu lakini jibu lilikuwa lile lile.

"Haya, kiko umri gani?" Nambiar akauliza.

"Bwana mkubwa, kiko kwenye kifo."

"Na huyo mkweo alikuwa akila mpunga wangu kwa kazi gani?"

Kelan akainamisha kichwa. "Alihesabu mara tatu, bwana mkubwa. Ni mara tatu na sehemu ya saba."

"Kwa hiyo mtoto wetu amekufa kwa sehemu ya saba." Nambiar akatema tambuu. "Fukieni."

Baada ya hapo ilikuwa kama moto kwenye makuti. Kila mwenye kisima cha Ambu alimtaka Kelan, na Ambu alikuwa amechimba karibu visima vyote vya maana. Kelan alizunguka na uzi wake. Vingine vilitoka vibaya, alisema. Vingine vilitoka vizuri, vya ujana na utoto, na alisema pia, aliapa kwa mtoto wake kwamba ni vizuri. Haikusaidia. Watu walishasikia "kisima cha Ambu", na jina lilitosha. Walimshukuru, wakampa nazi, akigeuka mgongo wakachukua makoleo. Nilimwona akimfukuzia mzee mmoja njiani akimwambia, "Chako hakina neno! Nimekipima! Hakina neno!" Mzee akamwambia, "Ahsante fundi, lakini mke wangu halali." Hapo ndipo Kelan alipopaswa kushtuka. Hakushtuka. Alisema watu ni wajinga, hawajui kusoma kipimo.

Chiruta aliacha kumsemesha. Alimpikia, akamwekea, akaondoka.

Kiangazi kilikuja kikali. Sikukuu ya Vishu, mwaka mpya wetu, ilipokaribia, miti ya maua ya njano ilichanua kama kawaida yake, na chini yake watu walipita na vyungu kwenda bwawani, maana mto uko mbali, ng'ambo ya kilima. Bwawa letu ni lile lile walimooga nyati, walimofua nguo wafuaji. Miaka mingine lilikuwa la kunyweshea bustani. Mwaka ule lilikuwa letu sote. Maji yalikuwa yameshuka mpaka kwenye tope, tunachuja kwa kitambaa. Nilikutana na Janu hapo kila siku, chungu kichwani, anatembea amenyoosha shingo.

"Shangazi Devu, kwa nini haya yananuka?"

"Yananuka nyati. Yachemshe."

"Baba anasema haya hayana umri. Eti bwawa halikuchimbwa na mtu, kwa hiyo halihesabiwi."

"Baba yako ahesabu nywele zake," nikamwambia, naye akacheka na meno yake yale.

Kipindupindu kilianzia upande wa wafuaji. Kufikia sikukuu kilikuwa kwetu. Sitaki kueleza ugonjwa ule; aliyeuona anaujua, asiyeuona ashukuru. Mama mkwe wangu alikwenda nao. Mfua chuma wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alikwenda na mkewe siku moja. Kuni za kuchomea maiti ziliisha, watu wakawa wanazikwa, na wazikaji wakawa hawapatikani.

Janu aliamka mzima. Alikuwa anasaga nazi, akaliacha jiwe akaenda nyuma ya nyumba, akarudi, akaenda tena, akashindwa kurudi. Nilipofika macho yake yalikuwa yameshazama na ngozi ya mikono imekunjamana kama ya bibi kizee. Tulimpa maji ya uji, yakatoka. Chiruta alimpakata, anamwita kwa majina yote, hata ya waliotangulia. Kelan alisimama mlangoni. Jua lilikuwa bado juu Janu alipokata roho.

Tulimzika sisi watatu na Pokkan. Hakuna aliyekuja. Na hapo kaburini, wakati Pokkan anapiga udongo kwa mgongo wa koleo, Kelan alisema maneno ambayo yamenifanya nishindwe kumpenda tena, ingawa nilimhurumia mpaka siku yake.

Alisema, "Kipimo hakikukosea."

Pokkan akaacha kupiga. "Unasema?"

"Kisima cha kifo humaliza watoto wa nyumba. Kimemaliza." Alisema bila hasira, machozi yanamtiririka. "Nilichelewa kukifukia."

Nilidhani Chiruta atamrukia. Hakumgusa. Alimtazama tu, kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama kitu kilichoko ng'ambo ya mto, halafu akashika njia ya nyumbani.

Bwana afya alikuja baadaye kutoka mjini, na kofia yake na dawa ya kutia bwawani. Akasema ugonjwa umetoka kwenye maji yale. Akauliza mbona kila ua una shimo lililofukiwa. Tuliangalia chini, kila mtu. Nambiar mwenyewe alimwambia ni mambo ya kienyeji. Mwezi haukuisha, kisima cha Nambiar kilikuwa kimefukuliwa kimya kimya, na vingine vikafuata, hakuna aliyeuliza umri wa kitu. Ila sasa ilibidi apatikane mwenye kosa, na Ambu alikuwa amekufa, na wenye makoleo walikuwa wengi mno. Akabaki Kelan. "Msiba wa kujitakia hauna kilio," walisema. Waongo. Kilio kilikuwepo, nilikisikia kupitia boma la mananasi kila asubuhi.

Chiruta alikifukua kisima chake mwenyewe. Alianza peke yake, kwa kibuyu na mikono, siku ya pili nikaingia mimi, siku ya tatu Pokkan akaja na wachimbaji. Kelan alikuwa barazani anachonga mpini. Hakutuzuia, hakutusaidia. Maji yalipopanda na kutulia, meupe, Chiruta alichota, akajaza kikombe cha shaba, akampelekea. Sote tuliacha kazi tukatazama. Nadhani alikuwa anamwomba msamaha, au anampa nafasi ya kuuomba. Baina ya mume na mke huwezi kujua.

Kelan akakitazama kikombe. "Bado ni mia mbili na ishirini," akasema.

Chiruta akakinywa mwenyewe mpaka chini, palepale mbele yake. Kisha akarudi kisimani kuosha tope miguuni.

Tangu siku ile nyumba ile ilikuwa na maji mawili. Mtungi wa Chiruta, wa kisimani. Mtungi wa Kelan, wa mtoni, ng'ambo ya kilima cha mikorosho, mwendo wa kutoka jasho kwenda na kurudi. Alikwenda mwenyewe kila alfajiri. Uji wa Kelan ulipikwa kwa maji ya mtoni, na wa Chiruta kwa ya kisimani, kwenye vyungu viwili, moto mmoja. Waliishi hivyo miaka na miaka. Kazi hakupata tena. Hakuna aliyetaka uzi wake uguse kitu chake. Pokkan peke yake alimpa magurudumu, na magurudumu yake yalikuwa mazuri mpaka mwisho, ncha za chuma zikikutana bila kulazimishwa. Watu waliipanda mikokoteni ile kwenda sokoni huku wanamtukana.

Kuna siku nilimuuliza Chiruta kwa nini hamwachi. Kwetu si ajabu mwanamke kurudi kwa kaka zake. Akaniambia, "Nikiondoka, atakumbuka na nani?"

Miguu ya Kelan ilipokataa kilima, nilisema sasa basi, atakunywa ya nyumbani kama watu. Asubuhi yake nikamwona Chiruta, mzee naye, mgongo umepinda, anatoka na ule mtungi wa mtoni. Nilimpigia kelele mpaka wapita njia wakasimama. "Una kisima mlangoni! Unamfuatia maji nani, mfalme?"

"Punguza sauti, Devu. Amelala."

Akaenda. Akaenda na siku zilizofuata.

Kelan alikufa mwanzoni mwa kiangazi. Nilikuwa nao tangu asubuhi, pumzi imeshabadilika, tunajua. Kwetu mtu hapaswi kuondoka kinywa kikavu. Mwenzake humdondoshea maji. Chiruta akauinua mtungi wa mtoni, ulikuwa mtupu. Akauchukua.

"Chiruta, hutamkuta," nikamwambia. "Chota hapo nje. Hatajua."

"Mimi nitajua," akasema, akatoka.

Nikakaa naye. Jua lilipopanda alifungua macho, akasema maji. Nikasema liwalo na liwe. Nikaenda kisimani, nikachota, nikarudi na kikombe, nikamnyanyua kichwa.

"Ya wapi?" akauliza. Sauti ilikuwa imeshakuwa pumzi tu.

"Ya kwako. Ya uani. Kunywa, shemeji, acha ukaidi."

Hakunikasirikia. Alinitazama vizuri, nadhani kwa huruma, akafumba midomo. Yakamtiririka kidevuni mpaka shingoni. Sikumlazimisha. Nilimfuta kwa pindo la nguo yangu, nikabaki nimemshika kichwa, na baadaye nikawa nashika kichwa cha maiti.

Chiruta aliingia amelowa jasho, mtungi umejaa. Aliona. Alikaa chini, akachovya vidole, akamdondoshea midomoni maji ya mtoni, tone kwa tone, kama yuko hai. Hakulia. Wanawake wakaanza kuja, wachache, wazee wa rika letu, maana kifo hata cha mtu anayechukiwa kina kazi zake. Mmoja akachukua ndoo kwenda kisimani, ili aoshwe.

"Hapana," Chiruta akasema. "Ya mtoni."

Tukatazamana. Kuosha maiti kunataka mitungi na mitungi. "Dada," yule mwanamke akasema, "kisima ki hapa."

"Ya mtoni," Chiruta akarudia.

Basi tukaenda. Wanawake wazee, mtungi kichwani, tukipanda kilima cha mikorosho kwenye jua la mchana, tukishuka, tukipanda tena. Nilimlaani njia nzima, yeye na namba yake, na baba mkwe wake na hesabu zake, nikamlaani Chiruta pia, machozi yanachanganyika na maji yanayonimwagikia. Msichana mmoja wa mjini aliyekuwa akipita akaniuliza, bibi, mbona mnatoka mbali hivi, kwenu hamna kisima?

Nikamwambia kipo, maji yake ni matamu, na apite aende zake.